Mwalimu Naye Ahitaji Mwalimu

Je, msomaji, mtoto wako wa gredi ya pili akishindwa kusoma hata sentensi moja, wewe humlaumu nani? Wazazi wengi wa mjini hawakawii kujibu: mwalimu. Wengine humhamisha mtoto shule kabla muhula haujaisha. Ni wachache wanaouliza swali lililo zito zaidi: mwalimu mwenyewe husaidiwa na nani?

Hebu mfikirie mwalimu aliyetoka chuoni majuzi. Kwa miaka mingi walimu wa shule zetu za msingi walisomea cheti cha P1 kwa miaka miwili. Tangu mwaka wa 2021, vyuo vya ualimu vimekuwa vikipokea wanafunzi wa diploma. Huko hufunzwa namna ya kuandaa somo, kisha hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha, mkufunzi akija kuwatazama. Hayo yote ni mema. Lakini siku anapoajiriwa, mkufunzi hayupo tena. Amebaki yeye na darasa lililofurika: huyu asoma vizuri, yule hajui herufi, wa tatu amekuja na njaa. Ni nani atakayemwambia kwamba leo amewauliza maswali watoto wa mstari wa mbele tu?

Dawa iliyozoeleka ni semina. Walimu hukusanywa wakati wa likizo, hujaza madaftari, hunywa chai na kurudi makwao. Semina si mbaya, ila kusikia si kutenda. Nani aliyejua kuogelea kwa kuketi ufuoni?

Jambo hili limefanyiwa utafiti papa hapa nchini. Kati ya mwaka wa 2011 na 2014, Wizara ya Elimu, kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, iliendesha mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati ulioitwa PRIMR. Walimu wa kundi moja walipewa mafunzo na mshauri wa kuwatembelea darasani. Kundi la pili likaongezewa vitabu, kila mtoto na chake. La tatu likapata hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu wenye hatua za kila somo. Matokeo yalikuwaje? Kundi la tatu ndilo lililotia fora. Mafunzo na ushauri peke yake yalileta mabadiliko machache. Naam, kidole kimoja hakivunji chawa.

Funzo hilo lilizaa mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za umma kote nchini mwaka wa 2015. Maafisa wa elimu wa mashinani walipewa tabuleti na kazi ya kuwatembelea walimu. Afisa aliketi nyuma ya darasa akatazama somo, kisha akawasomesha watoto watatu apime uwezo wao. Baadaye aliketi na mwalimu wakazungumza: hapa umefanya vyema, hapa jaribu hivi. Nauli yake ilitegemea ziara alizofanya kweli, kwani tabuleti ilionyesha mahali alipokuwa.

Lakini tusichanganye mambo, msomaji. Mshauri si mkaguzi. Mkaguzi akija, mwalimu hutoa somo lake bora na kuficha linalomshinda. Mshauri anayeaminiwa huonyeshwa kidonda, na kidonda kilichofichwa hakitibiki.

Basi wewe mzazi, katika mkutano ujao wa shule usiulize tu juu ya alama. Uliza: mwalimu mgeni amepewa mwenzake mzoefu wa kumshika mkono? Afisa wa elimu alifika darasani lini? Kila mtoto ana kitabu? Maswali haya hayamdhalilishi mwalimu, bali humsaidia kudai anachostahili.

Nawe mwanafunzi unayetamani ualimu, usidhani cheti ndicho mwisho wa masomo. Mwalike mwenzako aketi nyuma ya darasa lako, nawe uketi nyuma ya lake. Hilo halihitaji mfadhili.

Miradi huja na kwisha, lakini kila mwaka watoto wapya huingia gredi ya kwanza. Hawawezi kungoja mfadhili mwingine. Mwalimu aliyeachwa peke yake hujifunza kwa makosa, na makosa hayo hulipwa na mtoto wako.