Mlango wa Jiko Ukikwama, Upake Nini?

Wengi wetu hapa Chekereni tunapikia mkaa. Majiko mengi ya bati yana mlango mdogo wa kuingizia hewa na kutolea majivu. Joto na majivu hukausha bawaba zake, kutu huingia, mlango hukwama. Mpishi akiuvuta kwa nguvu jiko huyumba, na sufuria ya maji ya moto humwagikia aliye karibu. Mara nyingi aliye karibu ni mtoto.

Watu hupaka bawaba chochote kilichopo. Tazama matokeo yake.

Mafuta ya kula: yakipata joto hutoa moshi, kisha huganda kama gundi. Mlango hukwama kuliko mwanzo.

Oili chafu ya gari au trekta: ikiungua hutoa moshi wenye sumu, na wanaouvuta ni mama na mtoto aliye mgongoni. Tena, oili hii ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani.

Grisi ya kawaida: nyingi huyeyuka joto likifika karibu nyuzi 200 za sentigredi. Hudondoka na huweza kuwaka.

Kinachofaa ni unga mkavu wa grafaiti. Hiki ni kile kitu cheusi kilichomo ndani ya penseli. Tunakiita risasi, lakini hakina madini ya risasi yenye sumu. Kimeumbwa kwa tabaka nyembamba zinazoteleza moja juu ya nyingine. Hakina mafuta, kwa hiyo hakitoi moshi, nacho hustahimili joto la nyuzi 400.

Fanya hivi:

1. Acha jiko lipoe kabisa.
2. Sugua kutu na majivu kwa msasa au brashi ya waya.
3. Kwangua penseli laini upate unga, uutie ndani ya bawaba.
4. Fungua na kufunga mlango mara kumi ili unga uenee.
5. Nawa mikono kwa sabuni.

Mlango ukianza kulia tena, rudia.

Mtu akiungua, mmwagilie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta, unga wala dawa ya meno. Kisha mpeleke zahanati haraka.

Kipande cha penseli ya mtoto wa shule chaweza kumwepusha mdogo wake na kovu la maisha.