Ahero: Usichome majani ya mpunga, lisha minyoo

Ukitoka Kisumu kuelekea Nairobi, kilomita ishirini na kitu hivi, unafika Ahero. Pita baada ya mavuno uone majani ya mpunga yakichomwa, moshi kila mahali. Kando ya barabara kinyesi cha ng'ombe kimejaa, bure. Wewe unaona uchafu. Mimi naona kazi.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo hapa sikusomei kitabu. Nilinunua minyoo wekundu wa kujaza karai, nikawamwagia kinyesi kibichi. Siku ya tatu wote wamekufa. Kinyesi kibichi kikioza kinatoa joto, na mnyoo huyu joto likipita nyuzi 35 hatoboi. Pesa zangu zikaenda hivyo.

Sasa sikiza. Usichimbe chambo kule Mto Nyando ukidhani ni wale wale. Wale wengi huishi ndani ya udongo. Unayemtaka ni mwembamba, mwekundu, Eisenia fetida, anayekula taka juu juu. Acha kinyesi kipoe wiki mbili tatu, changanya na majani ya mpunga yaliyokatwakatwa na kuloweshwa. Weka kivulini. Ukikamua mchanganyiko mkononi, yatoke matone machache tu. Sanduku lisimame kwa miguu mirefu, maana Nyando ikifura haibishi hodi. Kila mguu uuweke ndani ya mkebe wa maji, siafu wasipande. Miezi miwili mitatu, una mbolea nyeusi isiyonuka.

Soko je? Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea ya dukani lilipita shilingi 6,000. Ruzuku ikashusha bei hadi 2,500, halafu 2024 mbolea feki ikapatikana humo humo kwenye ruzuku. Mkulima aliyeumwa hivyo anataka mbolea anayoona ikitengenezwa.

Lakini usimdanganye mtu. Sanduku lako halitatosha ekari ya mpunga. Uzia wenye sukuma wiki, nyanya na vitalu vya miche. Kwanza jaribu kwako, mstari mmoja na mbolea, mwingine bila, mteja ajionee. Minyoo wakizaana, wafugaji wa kuku na samaki wanawahitaji.

Anza na karai moja. Wakifa, umepoteza karai, si shamba. Mimi sasa niko na masanduku mawili, na wako hai.