Istilahi za Mikaratusi Adimu ya Milimani

Neno mkaratusi si geni kwetu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mti mrefu, mnyoofu, ulioletwa kutoka ng'ambo na kupandwa kwa safu ili utoe nguzo na kuni. Maana hiyo yatosha shambani. Haitoshi hata kidogo mfasiri anapokabidhiwa maandishi yahusuyo milima ya Australia, ambako ndiko asili ya karibu spishi zote za mkaratusi, nazo zazidi 700.

Tuchukue mkaratusi wa Mlima Imlay, katika jimbo la New South Wales. Spishi hii ilipewa jina la kisayansi mwaka 1980, na haijulikani kumea penginepo isipokuwa miambani karibu na kilele cha mlima huo, wenye kimo cha mita 886. Tena haina gogo moja. Ni vishina vyembamba vingi vichipukavyo pamoja kutoka ardhini. Umbo hilo Waaustralia huliita kwa neno lililotoka katika lugha ya wenyeji wa Victoria, nalo hutamkwa karibu sawa na mali yetu. Hapa utohozi hautufai: anayesoma "mikaratusi ya mali" atafikiri habari ni ya biashara. Twapendekeza mkaratusi-kichaka, wingi mikaratusi-vichaka.

Lililo zito zaidi ni jina la ule uvimbe wa mti ulio chini ya vishina hivyo. Ndani yake mna akiba ya chakula na macho yaliyolala, nao ndio unaochipuka upya baada ya moto au baridi kali kuua sehemu za juu. Wafasiri wengine wangeuita kisiki. Lakini kisiki, kwa mkulima wetu, ni mabaki ya mti uliokatwa, tena ni kikwazo cha jembe, hung'olewa. Mtumishi wa misitu akipewa maagizo yenye neno hilo, ataung'oa uhai wenyewe wa mmea, na kwa spishi yenye mimea michache vile hasara hiyo haifidiki. Nundu-shina ni bora: nundu ya ng'ombe nayo ni akiba iliyo hai.

Adimu nalo linatumiwa ovyo. Adimu ni kilicho kichache. Kinachopatikana mahali pamoja tu duniani ni dhana nyingine, na kukiita cha asili hakusaidii, kwani kila kimeacho chenyewe Usambara ni cha asili, hata kama kimeenea hadi Kongo. Kwa dhana hiyo yafaa spishi ya mahali pamoja. Mkaratusi wa Mlima Imlay unastahili sifa zote mbili. Mkaratusi wa theluji haustahili hata moja, maana umeenea katika majimbo kadhaa. (Kuuita "mti wa gundi", kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, kutamkumbusha msomaji mgunga.)

Mkaratusi huo wa theluji ndio unaofika ukomo wa miti, yaani mpaka ambao juu yake baridi haiachi mti kusimama. Katika milima ya Kosciuszko ukomo huo upo kwenye mita 1,800 hivi; Kilimanjaro, msitu hupanda hadi karibu mita 3,000. Kwa hiyo istilahi hii isifasiliwe kwa kutaja kimo.