Johannesburg hadi London: kompyuta zinapolazimika kukubaliana kabla ya kuzungumza

Mwaka 1988 wapiganaji wa chama cha ANC walioingia Afrika Kusini kwa siri walianza kuwasiliana na viongozi wao wa uhamishoni kwa kompyuta, modemu na kinasa sauti. Kanuni iliyowawezesha kusikilizana inamkabili hadi leo kila fundi anayeunganisha chombo na kompyuta yenye mfumo wa Linux.

Mpango huo uliitwa Operesheni Vula. Mac Maharaj na Siphiwe Nyanda ndio waliouongoza ndani ya nchi, na miongoni mwa miji walimofanyia kazi ni Johannesburg na Durban. Mjini London, Tim Jenkin, aliyetoroka gereza la Pretoria mwaka 1979 kwa funguo za mbao, alitayarisha programu ya kuficha maana ya maandishi.

Ujumbe uliandikwa kwenye kompyuta, ukafichwa, kisha modemu ikaugeuza kuwa milio. Milio hiyo ilinaswa kwenye kanda na kuchezwa katika simu ya umma, ikapokewa London na mashine ya kurekodi simu. Kutoka huko habari zilipelekwa Lusaka, yalikokuwa makao makuu ya ANC. Hata Nelson Mandela, akiwa bado kifungoni katika gereza la Victor Verster, aliweza kuwasiliana na Oliver Tambo kupitia njia hiyo.

Kanda haijibu maswali

Ufunguo wa siri ulikuwa orodha ya tarakimu za kubahatisha zilizohifadhiwa kwenye diski, na kila sehemu yake ilitumika mara moja tu. Katika utaratibu wa namna hiyo, herufi ikiharibika, hupotea hiyo peke yake. Lakini herufi ikidondoka njiani, zote zinazofuata husogea kutoka mahali pake, na sehemu yote iliyobaki haisomeki tena.

Modemu mbili zilizounganishwa moja kwa moja zaweza kuulizana na kujibizana. Kanda haiwezi. Kwa hiyo kila jambo lilipaswa kukubaliwa mapema, kabla mtu hajainua mkono wa simu.

Biti moja baada ya nyingine

Modemu za aina hiyo huunganishwa na kompyuta kupitia mlango wa mfululizo, ambao kwenye kompyuta nyingi za zamani ni tundu lenye pini 9. Huitwa hivyo kwa sababu biti hupita humo moja moja, mithili ya watu wanaovuka daraja jembamba.

Kwa kawaida kila herufi hutanguliwa na biti moja ya kufungua, hufuatwa na biti 8 za habari, kisha biti moja ya kufunga. Jumla ni biti 10. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, hupita herufi 960. Hakuna waya unaopeleka saa ya pamoja. Anayepokea huhesabu muda mwenyewe. Iwapo kasi za pande mbili hazilingani, kinachoonekana kwenye kioo ni takataka, ingawa waya ni mzima.

Kiendeshi na mipangilio yake

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux, chombo huonekana kama faili. Mlango wa kwanza huitwa /dev/ttyS0 na wa pili /dev/ttyS1. Baina ya faili hiyo na chombo yupo mkalimani, yaani kiendeshi: programu iliyomo katika kiini cha mfumo. Vyombo vinavyopitia mlango wa USB huwa na viendeshi vyake, na mara nyingi huitwa /dev/ttyUSB0 au /dev/ttyACM0.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kuwa kiini kimekiona chombo. Amri ya dmesg huonyesha taarifa hizo. Katika kompyuta ya kawaida, mlango wa kwanza hutumia anwani 0x3f8 na namba 4 ya kukatiza kazi.

Hatua ya pili ni ruhusa. Katika Debian na Ubuntu, mtumiaji huongezwa katika kundi liitwalo dialout. Wengi hudhani chombo kimeharibika, kumbe ni ruhusa tu inayokosekana.

Hatua ya tatu ndiyo makubaliano yenyewe:

stty -F /dev/ttyS0 9600 cs8 -parenb -cstopb raw -echo

Amri hii inataja kasi ya 9600, biti 8 za habari, kutokuwepo kwa biti ya uhakiki, na biti moja ya kufunga. Neno raw lina uzito wa pekee. Bila hilo, mfumo hudhani kuwa upande wa pili yupo mtu anayechapa, hivyo hubadilisha alama za mwisho wa mstari na kuzifanya alama nyingine kuwa amri. Kwa maandishi ya kawaida hasara ni ndogo. Kwa ujumbe uliofichwa au vipimo vya mtambo, yaweza kuharibu kila kitu.

Mipangilio hii hupotea kompyuta inapozimwa. Ni busara kuiweka katika programu inayoanza pamoja na mfumo. Aidha, mwenye vyombo kadhaa vya USB atumie majina yaliyomo katika /dev/serial/by-id, kwani namba za ttyUSB zaweza kubadilika.

Siri ilivujaje?

Kompyuta za Vula hazikutumia Unix. Programu ya Jenkin iliandikwa kwa lugha ya Basic, na mwaka 2024 ilichapishwa ili kila mtu aisome. Hata hivyo, sharti la makubaliano ni lile lile.

Mwezi Julai 1990 polisi waliwakamata Nyanda na Maharaj, na wakapata diski zenye maandishi ambayo hayakuwa yamefichwa. Hawakuhitaji kuvunja ufunguo wala kunasa milio ya simu. Fundi wa leo naye ana la kujifunza hapo: mlango wa mfululizo hufikisha kile ulichopewa, kama ulivyopewa. Hauna uwezo wa kukilinda kilichoachwa wazi kwenye diski.