Bima ya Viza Si Bima ya Kuishi Ughaibuni

Anayeomba viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hutakiwa kuonyesha bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Lazima ikubalike katika nchi zote za ukanda huo, na ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali na kumrudisha nyumbani mgonjwa au mwili wa marehemu. Sharti hilo limezaa biashara kubwa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala. Wakala anakukatia bima kwa dakika chache, unalipa kwa simu, cheti kinatoka kikiwa na maneno yaleyale ambayo ubalozi unataka kuyaona. Kwa anayekwenda kutembea wiki mbili, hiyo ni biashara halali na inamfaa. Tatizo ni kwamba cheti hichohicho wanauziwa pia watu wanaohama: mwanafunzi, muuguzi, dereva, mke anayemfuata mumewe.

Bima ya safari huwa na bei ndogo kwa sababu ahadi yake ni ndogo. Kampuni inabeba hatari ya siku chache, na kazi yake ni kukutuliza mpaka uweze kurudi kutibiwa kwenu. Kwa kawaida hailipii kliniki ya kisukari ya kila mwezi, wala ujauzito unaokwenda vizuri, wala uchunguzi wa kawaida. Ukiugua sana, mikataba mingi inaipa kampuni haki ya kukurudisha ulikotoka badala ya kuendelea kugharimia matibabu. Kwa mtalii hilo ni jambo jema. Kwa aliyefunga virago na kuhamia, kurudishwa ni kupoteza kazi, masomo, na pengine kibali cha ukaazi.

Swali la kwanza la anayehama, basi, ni mfumo wa matibabu wa nchi anayokwenda na namna ya kuingia ndani yake. Bei inafuata baadaye.

Uingereza hulipisha mlangoni. Tangu Februari 2024, anayeomba viza ya kukaa zaidi ya miezi sita hulipia huduma za afya pauni 1,035 kwa mwaka, na mwanafunzi pauni 776. Fedha hizo hudaiwa kwa mkupuo kwa miaka yote ya viza, na ndizo zinazoshtua familia nyingi zinazomsomesha mtoto kule. Wenye viza ya wahudumu wa afya na ulezi wamesamehewa. Ukishalipa, unatibiwa na NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, kama mkazi, hivyo wakala anayekuambia huwezi kuishi bila bima ya binafsi juu yake anakuuzia nyongeza, si lazima.

Ujerumani inahitaji umakini zaidi, hasa baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa ajira na uhamiaji mnamo Septemba 2024. Kule bima ya afya ni lazima kwa kila mkazi. Mwajiriwa wa kawaida huingia katika bima ya umma, ambayo mchango wake wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara pamoja na nyongeza ya mfuko husika, na mwajiri hulipa nusu. Mwenzi asiye na kipato na watoto huingia humo bila kulipiwa zaidi. Hakuna kampuni ya binafsi inayokupa hivyo.

Mwanafunzi wa chuo naye ana haki ya ada ya wanafunzi katika bima ya umma mpaka afikishe miaka 30. Hapa ndipo wengi hunaswa. Mwanzoni mwa masomo anaruhusiwa kuomba asamehewe bima ya umma ili ajiunge na bima ya binafsi yenye bei ya kuvutia. Akishaomba, uamuzi huo haufutiki kwa muda wote wa masomo yale. Miaka miwili baadaye anaugua, au anapata mtoto, anagundua kampuni yake hailipii anachohitaji, na mlango wa bima ya umma umefungwa mpaka amalize chuo au apate ajira. Kuokoa euro chache kwa mwezi hakulingani na hatari hiyo. Anayekwenda kwanza kusoma lugha, kwa kuwa bado hajawa mwanafunzi wa chuo, anahitaji bima ya binafsi ya muda, na aichague akijua kuwa ni ya kupita tu.

Ghuba ni habari nyingine. Sheria ya Dubai ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima, na inamkataza kumkata mshahara kwa ajili hiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2025 sharti la bima limeenea katika falme zote za Umoja wa Falme za Kiarabu, Dubai ikiwa mojawapo, na linawagusa wafanyakazi wa nyumbani pia. Katika falme zilizoingia mwaka huo, kifurushi cha msingi kinaanzia dirhamu 320 kwa mwaka, na mgonjwa huchangia sehemu ya gharama. Dada zetu wanaokwenda huko kufanya kazi za ndani wadai kadi ya bima mapema, kwa jina lao, na wajue kwamba kwa kawaida mwajiri hawajibiki kuikatia familia yao bima. Ajira ikikatika na viza ikifutwa, kadi hiyo haitibu tena.

Asiye na mfumo wa kuingia ndiye mteja wa bima binafsi ya kimataifa. Bei yake hupangwa kwa umri, kwa kiasi utakachobeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na kwa eneo: mkataba unaoigusa Marekani hupanda bei sana kwa sababu matibabu ya huko ni ghali mno. Uzazi mara nyingi hulipiwa baada ya muda wa kusubiri wa miezi kumi au mwaka mzima, kwa hiyo anayenunua akiwa tayari mjamzito amechelewa.

Kisha kuna fomu ya afya, ambayo kwetu huchukuliwa kama karamu ya hapana. Wakala anauliza kwa haraka, una presha? una kisukari? una seli mundu? na mteja, kwa aibu au kwa ushauri wa wakala mwenyewe, anajibu hapana kwa yote. Wakala amepata kamisheni yake siku hiyo. Mteja atajua gharama ya lile jibu siku atakapolazwa, kampuni itakapoomba historia ya matibabu, ikute dawa za presha za miaka mitano, na kuuvunja mkataba. Ugonjwa uliotajwa unaweza kuongezewa bei au kutengwa. Ugonjwa uliofichwa unaweza kukupotezea kinga yote. Soma fomu mwenyewe, ijaze mwenyewe, ubaki na nakala.

Jambo tunalolikwepa zaidi ni kifo. Mtanzania au Mkenya akifariki ughaibuni, kundi la WhatsApp hufunguliwa usiku huohuo na michango huanza, huku mwili ukisubiri mochwari kwa wiki kadhaa. Moyo huo wa kusaidiana ni wa kuheshimiwa, lakini hatuna sababu ya kuufanya ndio mpango wenyewe. NHS hailipii kusafirisha mwili kuja Mwanza, na bima ya umma ya Ujerumani vilevile. Marekani humtaka mwenye viza ya J-1, ile ya mipango ya mabadilishano, awe na kinga ya dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kuhamishwa kwa dharura, na dola 25,000 za kurudisha mwili. Kiasi hicho cha mwisho ni kipimo kizuri kwa yeyote anayeishi mbali, hata kama nchi aliyopo haimdai.

Na wale wanaokuja likizo nyumbani? Bima ya umma ya Ujerumani haitibu Tanga wala Kisumu. Bima ya safari ya mwaka mzima inayonunuliwa kulekule ni ya bei ndogo, ila nyingi huhesabu wiki sita hadi nane kwa kila safari. Anayekuja kumuuguza mama miezi mitatu aangalie siku hizo kabla ya kukata tiketi. Wageni wanaoingia Zanzibar nao, tangu Oktoba 2024, hulipa dola 44 kwa bima ya lazima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mzaliwa wa Unguja aliyechukua uraia wa nje aulizie mapema masharti yanayomhusu.

Kabla ya kulipa, mwombe wakala mkataba wenyewe, si cheti, na uanze na kurasa zinazoorodhesha yasiyolipiwa. Akikosa kukupa, tafuta mwingine. Kisha namba ya simu ya dharura ya kampuni na namba ya mkataba wako mwachie mtu mmoja unayeishi naye huko, na ndugu mmoja nyumbani.