Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Katika maktaba ya shule yetu kimo kitabu kikubwa chenye picha za samaki wanaofugwa majumbani Ulaya na Marekani. Picha ya kwanza iliyonivuta ni ya taa wa maji baridi, aliye bapa kama sahani, mwenye mwiba wa sumu mkiani, ambaye kwao ni mito ya Amerika ya Kusini. Nikatamani kumfuga. Lakini nikasoma ya kwamba hukua hata upana wake ukapita sentimita 45, na tangi lake yapasa lisiwe dogo kuliko kitanda changu cha bwenini. Nikafunua ukurasa mwingine.

Hapo nikaona samaki mdogo mwenye mistari myeusi na mgongo mwekundu, na jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Nikashangaa mno. Neno la kwanza ni Kiswahili chetu, na la pili ni heshima kwa Mwalimu Julius Nyerere. Na kwao si mbali: ni Ziwa Victoria, upande wa Tanzania, ziwa lile lile ninaloliona kutoka kilima cha nyumbani. Nikasema moyoni: kama mtu wa Ulaya aweza kufuga samaki wa ziwa letu sebuleni kwake, mimi nimekosa nini?

Samaki wa jamaa hiyo sisi Waganda twawaita nkejje. Watanzania huwaita furu, na Wajaluo wa Kenya fulu. Wengi hawazidi sentimita 15. Bila shaka wengi wenu mmewaona sokoni, wamekaushwa kwa moshi. Mama alipousikia mpango wangu alicheka, akasema, “Mwanangu, nkejje ni wa chungu, si wa kioo.” Lakini aliniachia kona moja ya sebule.

Basi, likizo ya Desemba nilikwenda kwa fundi wa vioo vya madirisha, akanikatia vioo vya unene wa milimita 8. Tuliviunga kwa gundi ya silikoni, ile isiyotiwa dawa ya kuua ukungu, maana dawa hiyo yaweza kudhuru samaki. Tukaiacha ikauke juma zima, kisha tukalijaza tangi maji uani tuone kama lavuja. Urefu wake ni sentimita 90, upana 40, na kimo 40. Zidisheni wenyewe: ni lita 144, na kila lita ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo msiliweke juu ya meza ya chai. Letu lilipata meza ya mbao nene, tukaisawazisha kwa pima maji. Wala msiliweke penye jua la dirishani, la sivyo mtafuga mwani badala ya samaki.

Chini nilitandaza mchanga uliooshwa mara nyingi, nikapanga mawe yenye mapango, kwa maana nkejje dume ni mgomvi, na anayeshindwa hapana budi apate pa kujificha. Nikatia pampu ndogo ya hewa inayopitisha maji katika sponji, na chombo cha umeme cha kupasha maji joto, kwa sababu usiku kwetu huwa na baridi kuliko ziwa. Digrii 25 zawafaa.

Hapo ndipo nilipokosea. Maji yalikuwa maangavu kama machozi, nami nikadhani yako tayari. Siku ile ile nilimwendea mvuvi jirani yetu, akanivulia nkejje kumi na wawili kwa ndoana ndogo penye miamba. Nikawatia, nikawapa chakula kingi kwa furaha. Siku ya tatu wakaanza kupanda juu wakihema. Siku ya saba nilimzika wa mwisho chini ya mgomba. Dada yangu mdogo akaniuliza, “Kaka, walikuwa wa aina gani?” Sikuwa na jibu.

Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Biolojia. Akaniambia, “Hukuwaua kwa uchafu unaoonekana, bali kwa usioonekana.” Sikilizeni jambo lenyewe. Samaki akila na kupumua hutoa amonia, nayo ni sumu. Ziwani sumu hiyo hupotea katika maji mengi. Katika kioo hukusanyika. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Bakteria hao hukaa katika sponji na mchanga, lakini huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka wakatosha. Tangi langu jipya halikuwa nao. Tena maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu. Tusipoyaacha katika pipa lililo wazi siku moja au mbili, klorini hiyo huwaua bakteria wetu na kuunguza mashavu ya samaki.

Nikaanza upya, safari hii bila samaki hata mmoja. Kila siku nilitia chembe chache za chakula cha samaki zioze, zitoe amonia ya kuwalisha bakteria. Kwa dawa ya matone nilipima maji: juma la pili amonia ilipanda, baadaye ikashuka, nitriti ikapanda, juma la sita zote mbili zikawa sifuri, ikabaki nitrati. Wageni walionikuta nikitazama kioo kitupu walinihurumia. “Wafuga nini?” wakauliza. “Nafuga maji,” nikajibu.

Ndipo nilipotia nkejje wanne, na baada ya juma moja wengine wanne: dume mmoja na majike saba, wote wenye kufanana, kutoka mwamba mmoja. Tangu hapo kila Jumamosi huondolewa robo ya maji na kutiwa mapya yaliyolala pipani. Sponji haioshwi kwa maji ya bomba, bali hukamuliwa katika ndoo ya maji ya tangi. Chakula ni kile kinachokwisha kwa dakika mbili. Na umeme ukikatika, hatuna budi kuchota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu ili hewa iingie, maana samaki na bakteria wote wahitaji oksijeni.

Shule ilipofunguliwa nilimwachia dada kazi hiyo. Siku ya wazazi kututembelea mama aliniletea barua yake: “Kaka, jike mmoja hali chakula, leo siku ya tano, na taya lake limevimba. Nadhani atakufa.” Niliposoma niliruka kwa furaha. Nkejje jike hutaga mayai na mara hiyo huyachukua kinywani. Dume ana madoa ya manjano katika pezi lake la chini, yanayofanana na mayai. Jike akijaribu kuyaokota, hupata mbegu za dume, na mayai yake yakatungishwa mumo humo kinywani. Kisha hufunga kula kwa muda wa majuma matatu hivi, mpaka watoto waweze kuogelea. Nikamwandikia dada asimguse. Barua ya pili ilikuwa fupi: “Wametoka. Nimehesabu 23. Mama naye amehesabu.”

Sasa nieleze kwa nini jambo hili dogo lanigusa. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za nkejje zinazokadiriwa kupita 500, na nyingi hazikuwako mahali pengine duniani. Katika miaka ya 1950 mtaalamu P. H. Greenwood alifanya kazi Jinja, akiwachambua kwa meno na taya zao: wako walao konokono, walao mwani, walao samaki wenzao. Miaka hiyo hiyo, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walitia ziwani mputa, ambaye Watanzania humwita sangara. Huyu aweza kupata urefu wa karibu meta mbili. Katika miaka ya 1980 aliongezeka mno, na aina nyingi za nkejje zikatoweka au zikawa adimu.

Sisemi mputa hakuleta faida. Wako kati yetu wanaolipiwa ada kwa fedha zake. Wala si yeye peke yake. Udongo na mbolea hutiririka kutoka mashambani, mwani huzidi, na katika maji yenye giza jike haioni vema rangi ya dume wa aina yake, hivyo aina huchanganyika. Aina chache zisizoonekana tena ziwani zaishi mpaka leo katika matangi ya ng'ambo.

Naona kosa la ziwani na kosa la sebuleni kwetu ni ndugu. Mimi nalitia samaki katika maji nisiyoyajua, nikaua kumi na wawili. Wale waliomtia mputa nao hawakujua maji yale yalibeba nini. Kwa hiyo atakayefuga asichanganye nkejje wa mahali mbalimbali, wala asimwage samaki wa tangi katika ziwa au kinamasi chochote, hata akiwachoka.

Mwisho, nina ombi kwa ninyi wanafunzi wa zamani, hasa mliovua utotoni kabla ya miaka ya 1980. Mliwajua nkejje ambao sisi hatutawaona. Tafadhali mwandikieni Mhariri majina yao ya kienyeji, rangi zao, na mahali walipovuliwa. Dada yangu bado anangojea jibu la swali lake.