Je, Wajua? Chanjo Huzuia Nini Hasa

Je, wajua kwamba kovu la BCG ulilonalo mkononi halikukingi sana na kifua kikuu cha ukubwani? Chanjo hiyo, iliyotolewa kwa mara ya kwanza jijini Paris mwaka 1921, kazi yake kubwa ni kwa mtoto mchanga: humwepusha na kifua kikuu kinachopanda kwenye ubongo au kusambaa mwili mzima. Kwa mapafu ya watu wazima matokeo yake yamepishana mno. Utafiti mkubwa uliofanywa kusini mwa India haukuona kinga yoyote.

Je, wajua chanjo ikisemwa inakinga kwa asilimia 95, hiyo 95 ni ya nini? Wengi hudhani kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa, 5 wataugua. Sivyo. Katika jaribio la chanjo ya korona ya Pfizer mwaka 2020, zaidi ya watu 43,000 walidungwa, nusu chanjo, nusu maji ya chumvi. Upande wa maji ya chumvi waliugua 162, upande wa chanjo 8. Asilimia 95 ni pengo kati ya namba hizo mbili. Maelfu ya pande zote hawakuugua kabisa.

Basi mbona waliochanjwa waliendelea kuipata korona? Kingamwili zilizotengenezwa baada ya sindano hupungua miezi ikipita. Zinazobaki ni seli za kumbukumbu, nazo huhitaji siku kadhaa kujipanga. Virusi vya korona huleta mafua na homa kabla hazijawa tayari, lakini kushuka mapafuni hadi mtu alazwe kwa oksijeni huchukua muda zaidi, na hapo seli zimeshawahi. Ndiyo maana kinga dhidi ya kulazwa na kufa ilidumu kuliko kinga dhidi ya kuambukizwa. Surua, kwa upande wake, hukaa mwilini siku kama 10 kabla ya homa kuanza. Ni muda wa kutosha kwa mwili uliochanjwa kuizima.

Je, wajua kwamba surua ikilipuka shuleni, wagonjwa wengi tu wanaweza kuwa wamechanjwa, na chanjo isiwe na kasoro? Dozi 2 hukinga kwa asilimia 97 hivi. Chukua shule ya watoto 1,000, na 950 kati yao wamepata dozi zote mbili. Asilimia 3 ya hao ni kama 28. Wasiochanjwa ni 50. Tuseme wote wasio na kinga wanaugua: zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa watakuwa na kadi za kliniki zilizojazwa vizuri. Hapo hakosekani wa kutangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba chanjo ni bure. Mwulize 28 ni kati ya wangapi, na 50 ni kati ya wangapi.

Je, wajua kwamba hata asilimia 36 huokoa watoto? Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika nchi 7 za Afrika, katika maeneo yakiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na Kilifi nchini Kenya. Dozi 4 zilipunguza malaria kwa asilimia 36 tu katika takriban miaka 4. Ukiiweka kando ya surua, namba hiyo inachekesha. Lakini penye malaria kali mtoto anaweza kuugua mara kadhaa kwa mwaka mmoja. Ilipoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, ukiacha vya ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Mimi naiheshimu 36 hiyo kuliko 95 nyingi.

Kwa kuhara kunakoletwa na virusi vya rota ni vivyo hivyo. Katika jaribio moja chanjo ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 77 Afrika Kusini na 49 Malawi. Hata hivyo, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi ndiyo iliyoepusha wagonjwa wengi zaidi, kwa kuwa kuhara kwenyewe kulikuwa kwingi huko.

Je, wajua kwamba mashariki mwa Kongo, katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, chanjo iliwafaa hata ambao haikuwazuilia ugonjwa? Kati ya wagonjwa wasiochanjwa walikufa asilimia 56. Kati ya waliochanjwa wakaugua, 25.

Pepopunda haiambukizwi na mtu, vijidudu vyake vimo udongoni. Jirani akichanjwa, wewe hupati kitu. Ila mama mjamzito akichanjwa, kingamwili zake humfikia mtoto tumboni.

Na msafiri je? Dozi moja ya homa ya manjano humtosha mtu maisha yake yote, na tangu 2016 cheti chake hakiishi muda. Lakini huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa leo ili asafiri kesho anaweza kukwama mpakani.